Hosteli mpya ya chuo ijengwe wapi: chini ya miti, bondeni, au juu ya maegesho ya magari?

Mchoraji wa Nje (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina jambo ambalo wiki nzima linanizunguka kichwani, na naamini humu kuna watu wenye uzoefu nalo. Mimi ni msanifu mandhari. Kazi yangu ni kila kilicho nje ya mlango: njia, miti, mifereji, taa, mabenchi, mahali pa kufungia baiskeli. Chuo kimoja kimeniita kushauri juu ya hosteli mpya ya ghorofa nne, wanafunzi kama 400. Safari hii wameniita mapema, kabla msanifu majengo hajachora hata mstari mmoja. Waliopo kwenye fani wanajua uzito wa hilo. Kwa kawaida tunaitwa jengo limeshapakwa rangi, tunaambiwa pandeni maua hapo mbele na hela iliyobaki ni hii.

Viwanja vilivyopendekezwa ni vitatu.

Cha kwanza kiko jirani na maktaba, chini ya miti mikubwa 11. Karibu kamati nzima imekipenda. Mtu akisimama pale anaona jengo limekaa kivulini, picha inavutia, mjadala umekwisha.

Cha pili kiko bondeni, pembezoni kabisa mwa chuo. Nyasi tupu, hakuna cha kubomoa, hakuna wa kulalamika. Watu wa fedha wamekipenda.

Cha tatu ni maegesho ya zamani, katikati ya madarasa na mabweni yaliyopo. Lami imepasuka, magugu yameota kwenye nyufa. Hicho nakitetea peke yangu.

Naanza na miti, kwa sababu hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali. Nilichukua futi kamba nikapima mti mmoja wa kawaida kati ya ile 11, wala si mkubwa kuliko wote. Mzingo wa shina mita 2.2, yaani kipenyo cha sentimita 70. Waingereza wana kiwango chao cha kulinda miti wakati wa ujenzi: kipenyo cha shina kikipimwa mita 1.5 kutoka chini, kizidishe mara 12, utapata nusu kipenyo cha duara ambalo hutakiwi kuchimba, kumwaga udongo wala kupitisha gari. Kwa mti huu ni mita 8.4 kila upande. Nilichora maduara 11 kwenye ramani. Yaliingiliana karibu yote, na nafasi iliyobaki katikati isingetosha hata korido ya hosteli.

Mtu mmoja kwenye kamati akasema, "Tutajenga katikati, miti hatutaigusa." Hilo neno nimelisikia mahali pengine kabla, na miti ile haikuguswa kweli. Mkandarasi aliifungia mbao kwenye mashina vizuri kabisa, halafu akarundika udongo wa msingi juu ya mizizi, na malori ya zege yakapita hapohapo miezi minane. Watu wengi wanadhani mizizi ya mti imeshuka chini kama nguzo. Sehemu kubwa ya mizizi inayolisha mti iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 60 za mwanzo, na imesambaa mbali kupita matawi. Udongo ukishindiliwa, hewa na maji havipiti. Mwaka wa kwanza miti ile ilikuwa ya kijani, watu wakapongezana. Mwaka wa pili majani ya kileleni yakawa madogo. Mwaka wa tatu matawi ya juu yalibaki makavu, na mti mmoja ukakatwa kwa sababu ulikuwa unaning'inia juu ya madirisha ya wanafunzi. Mkandarasi alikuwa ameshalipwa zamani, na hakuna aliyehusisha kifo cha mti na lori.

Bondeni nilikwenda siku mbili baada ya mvua. Ardhi ilishakauka, viatu havikuchafuka. Lakini kwenye uzio wa waya nilikuta nyuzi za nyasi kavu zimejisokota usawa wa goti, zote zimelalia upande mmoja. Maji ndiyo yaliyoziacha pale. Nikamuonyesha ofisa niliyekuwa naye, akanyamaza kidogo, kisha akasema msingi utainuliwa. Sawa, jengo litainuliwa. Mwanafunzi anayerudi usiku je? Kutoka pale hadi maktaba ni mita 1,100, mwendo wa dakika 14 hivi, kwa njia isiyo na mlango wala dirisha hata moja linaloitazama. Bomba la majitaka la chuo liko juu ya usawa wa bonde, kwa hiyo kila tone litapandishwa kwa pampu miaka yote. Na barabara ya kubeba gari la zimamoto haipo. Ukiyahesabu hayo, urahisi wa kile kiwanja unayeyuka.

Maegesho, kwa upande mwingine, tayari yameharibika. Hakuna cha kupoteza pale. Lami iliua udongo zamani, mabomba yako karibu, na watu wanapakatiza kila siku kwenda darasani. Mimi naona jengo likae mahali ambapo ardhi imeshaumia, na ile sehemu nzuri ya miti ibaki bustani ya chuo kizima. Tukijenga juu ya sehemu nzuri tunabaki na jengo zuri na lami mbovu. Tukijenga juu ya lami tunakuwa na jengo, na miti bado iko palepale.

Tatizo la kiwanja hicho ni barabara yenye magari mengi upande mmoja. Kusogeza jengo nyuma hakusaidii sana: kelele ya barabara hupungua kama desibeli 3 tu kila umbali unapoongezeka mara mbili, na mstari mwembamba wa miti hauzuii sauti, ingawa unapendeza. Nimekuwa nikiifikiria Baker House ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, bweni ambalo msanifu majengo Alvar Aalto wa Finland alilikamilisha mwaka 1949. Lilikabiliana na mto Charles, na katikati yake na mto kuna barabara yenye pilikapilika. Aalto alilipinda jengo kama wimbi, vyumba vingi vikautazama mto kimshazari badala ya kuikodolea barabara macho. Nadhani sisi tunaweza kufanya la namna hiyo kwa kupinda jengo kidogo na kuweka tuta la udongo mbele.

Naomba maoni yenu, hasa mliowahi kuishi hosteli, kuzijenga au kuzitunza. Nikosoeni kabla sijarudi kwenye kamati.

---

Fundi Chemba

Mkuu, nakuunga mkono kwenye kiwanja, ila hujagusa maji ya paa, na hapo ndipo hosteli nyingi zinapoharibika.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako likiwa na mita za mraba 1,200, mvua ya milimita 50 inakuletea lita 60,000. Zote zinashuka kwenye mabomba machache ya kona kwa muda mfupi. Uzuri wa maegesho ni kwamba lami tayari ilikuwa inayamwaga maji hayohayo kwenye mfereji, kwa hiyo hutaongeza mzigo. Ungejenga kwenye nyasi za bondeni, ungekuwa umeziba ardhi iliyokuwa ikinywa.

Usiishie kwenye kutoongeza, punguza. Acha bonde la bustani la mita za mraba 200 lenye kina cha sentimita 30, linabeba zile lita 60,000. Chini weka mchanga na udongo unaopitisha, na juu mimea inayovumilia kulowa leo na kukauka kesho. Hakikisha maji yanaisha ndani ya siku moja, mbili zikizidi, la sivyo unafuga mbu chini ya madirisha ya watu. Kisha weka njia ya maji ya ziada, kwa sababu iko siku itakuja mvua kubwa kuliko hesabu yako.

Jingine: maegesho ya zamani yana mafuta ya magari ardhini. Chukua sampuli za udongo kabla hujaahidi bustani. Na ukiondoa lami usimwage udongo mzuri juu ya kokoto zilizoshindiliwa ukadhani umemaliza. Chimbua, vunja lile tabaka gumu, la sivyo kila mti utakaopanda utakuwa umekaa kwenye beseni.

---

Mjumbe Mstaafu

Nimekaa kwenye kamati za ujenzi miaka mingi, niruhusu nikupinge.

Kwanza, ukiondoa maegesho umegusa watu wenye sauti. Wafanyakazi hawatakuja kukuambia wanapenda magari yao, watakuambia hosteli ina kasoro za kiufundi. Kama huna jibu la magari yataenda wapi, hoja yako itakufa kwenye kikao cha kwanza, hata kama ni sahihi.

Pili, umeikwepa faida ya miti. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wake katika jarida la Science. Alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: 23 dirisha lao lilitazama miti, 23 lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mbali na kwao, mitihani inakuja, kwa nini tumnyime dirisha la namna hiyo?

---

Mchoraji wa Nje

Mjumbe Mstaafu, shikamoo, na asante kwa kunipinga waziwazi.

Kuhusu magari umenishika. Sikuwa na jibu kamili. Nitaomba hesabu ya magari yanayolala pale na yanayopita tu, saa kwa saa, kabla ya kikao.

Kuhusu miti, huo utafiti naujua, na ndio unaonifanya niing'ang'anie. Wale wagonjwa hawakulala chini ya miti, waliitazama kupitia dirishani. Kutoka maegesho hadi ukingo wa miti ni mita 60. Jengo likipindwa vizuri, zaidi ya nusu ya vyumba vitaiona miti yote 11 kwa pamoja, kuanzia shina hadi kilele. Ukijenga katikati yake, wa ghorofa ya kwanza ataona shina moja, na baada ya miaka michache huenda akaona kisiki.

---

Dirisha la Tatu

Naomba niongee kama mkazi. Nimeishi hosteli miaka mitatu, mwaka mmoja ghorofa ya chini.

Wasanifu wanapenda kuchora benchi chini ya kivuli karibu na ukuta. Benchi lile lilikuwa chini ya dirisha langu. Saa nne usiku watu wanaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, hawana kosa, ila mimi nasikia kila neno. Mchana wanaopita wanaona hadi kitandani. Nilifunga pazia mwezi wa kwanza, sikulifungua tena hadi nahama. Ile bustani iliyogharimiwa sijawahi kuiona nikiwa ndani.

Niambie basi, kati ya njia na dirisha la chini kuna umbali gani kwenye mchoro wako? Na ua wa ndani, kuta nne zikitazamana, sauti inakwenda wapi?

---

Mchoraji wa Nje

Dirisha la Tatu, nimelisoma swali lako mara mbili, nikafungua mchoro. Njia niliipitisha mita 1.5 kutoka ukutani. Nimeifuta.

Sasa naisogeza mita 5, na katikati naweka kitanda cha mimea ya kimo cha kiuno, na sakafu ya vyumba vya chini iwe juu kidogo ya njia ili macho ya anayepita na ya aliyeketi ndani yasigongane. Mabenchi yanahamia kwenye kuta zisizo na madirisha ya vyumba.

Kuhusu ua, mfano mzuri ni Tietgenkollegiet kule Copenhagen, lililofunguliwa mwaka 2006. Ni bweni la duara lenye vyumba kama 360. Vyumba vya kulala vinatazama nje. Majiko na sebule za pamoja ndizo zinazotazama uani, kwa hiyo kelele za uani zinakutana na kelele za jikoni, na anayelala yuko upande wa pili. Sisi hatujengi duara, lakini mpangilio huo unaigika vizuri tu.

---

Magurudumu

Mimi natembelea kiti cha magurudumu. Mleta uzi, umesema sakafu iwe juu ya njia. Hapo ndipo nilipoacha kuendelea kusoma kwanza, nikaanza kuandika.

Juu kwa kiasi gani? Kila sentimita 50 za kupanda zinahitaji mita 6 za njia ya mteremko kwa kipimo cha 1 kwa 12, na hicho ni kipimo cha mwisho cha ukali, mikono inakihisi. Ukiinua sentimita 60 ni mita 7.2, bado hujaweka sehemu ya kupumzikia. Matokeo yake naijua hadithi: ngazi nne nzuri za mawe mlango wa mbele, na mimi nazungushwa nyuma, napita katikati ya mapipa ya taka, nagonga mlango wa jikoni nisubiri mtu anisikie. Nimeishi hivyo miezi tisa. Wenzangu walikuwa wananisalimia jioni tu, kwa sababu mlangoni hatukuwahi kukutana.

Usiniwekee njia yangu, nataka kupita njia ya wote. Panga usawa wa sakafu ya mlango mkuu kutoka kwenye njia iliyopo, kisha ardhi ya nje ndiyo iinuke taratibu kufuata mlango. Na tafadhali, kokoto zisizoshikana zisiwepo kwenye njia yoyote inayofika mlangoni. Gurudumu la mbele linazama.

---

Fundi Chemba

Magurudumu yuko sahihi, na kwa upande wa maji inawezekana bila shida. Ardhi iteremke kutoka ukutani kwa asilimia 5 katika mita 3 za mwanzo pande zote, isipokuwa mlangoni. Hapo mlangoni weka mfereji wenye kifuniko cha chuma chenye matundu membamba, uliolala kimkingamo wa mwelekeo wa magurudumu, na paa la baraza lichukue mvua. Ngazi nyingi huwekwa kwa hofu ya maji, na mfereji wa upana wa kiganja ungeitosha hiyo hofu.

---

Mwagiliaji

Natunza bustani za chuo, sitaji ni wapi. Nasoma humu mnavyopanga, naomba mniangalie na mimi.

Kwanza bomba. Nipewe bomba la maji kila upande wa jengo. Kuna hosteli moja hapa ina bomba moja tu, liko nyuma, mpira wangu haufiki mbele. Ile miti ya mbele ilikufa ikasemekana mtunza bustani mvivu. Mti mchanga unahitaji kumwagiliwa kwa mpango miaka miwili ya mwanzo, siyo wiki mbili za sherehe ya uzinduzi. Andikeni hiyo kwenye mkataba wa mkandarasi, iwe kazi yake mpaka mti ushike.

Pili, msitengeneze miteremko mikali ya ukoka. Mashine inateleza, tunaishia kufyeka kwa mkono. Kama pamesimama sana, pandeni mimea inayotambaa.

Tatu, gari la taka. Linakuja alfajiri, ni kubwa, na kama halina pa kugeuzia litapanda juu ya bustani kila wiki, kona ileile. Naweza kukuonyesha alama za matairi yake zina miaka sita.

Nne, njia. Mwache watu wapite kwanza. Mahali ambapo nyasi zimelala ndipo panapotakiwa kutandikwa. Nimepanda tena nyasi kwenye kijia kimoja mara tano, nimeweka kamba, nimeweka kibao. Wanafunzi wana haraka, mlango wa darasa uko kule, kijia kinakwenda moja kwa moja. Mwaka wa sita tukatandika vitofali, ugomvi ukaisha.

---

Mjumbe Mstaafu

Mwagiliaji, kwa hekima yako yote, hakuna chuo kitakachofungua jengo lisilo na njia. Mvua ya kwanza wanafunzi wataingiza matope hadi ghorofa ya nne.

---

Mwagiliaji

Sijasema zote, mzee wangu. Njia kubwa zijulikane: mlango hadi madarasa, mlango hadi maktaba, ya zimamoto, na ya mwenye kiti cha magurudumu. Hizo zitandikwe siku ya kwanza. Vijia vidogo vya pembeni ndivyo visubiri mwaka mmoja, na hela yake iwekwe kando isiguswe.

---

Taa ya Kona

Nichangie la usiku tu. Msiweke taa chache kali sana juu ya nguzo ndefu. Taa kali inatengeneza kivuli kizito pembeni yake, na jicho lililotoka kwenye mwanga huo halioni chochote hatua tatu mbele. Afadhali taa nyingi za wastani, fupi, zenye mwanga wa njano wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3,000 au chini, zilizofunikwa juu zisiangaze vyumbani. Vichaka vya kando ya njia visizidi goti, na matawi ya chini ya miti yaanzie juu ya kichwa cha mtu, ili anayetembea aone mbele na aonekane. Na mlango mkuu uonekane ukiwa mbali, usifichwe kwenye kona ya jengo kwa ajili ya mapambo.

---

Mchoraji wa Nje

Wakuu, nimekaa na maoni yenu tangu asubuhi na mchoro umebadilika kuliko nilivyotarajia.

Jengo linabaki kwenye maegesho, sasa lina mabawa mawili yaliyopinda, mgongo wake kwa barabara, na majiko na ngazi ndivyo vitakavyokuwa upande wa kelele. Ua umefunguka upande wa miti, kwa hiyo sauti ina pa kutokea na Dirisha la Tatu ana cha kutazama. Mapipa ya taka yamehama kutoka nyuma ya mlango na kwenda kwenye kona ya kuingilia magari, ambapo gari la taka na la zimamoto yatatumia eneo moja la kugeuzia. Mabomba ya bustani ni manne. Bonde la Fundi Chemba limekaa upande wa chini, mbali na madirisha. Vijia vidogo nimeviondoa na kuacha mstari wa bajeti wenye jina lake, usiweze kumezwa na rangi au vitasa.

Lile la sakafu ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi. Nilirudi kiwanjani na mpima ardhi, tukasoma usawa kutoka njia kuu ya sasa hadi pale mlango utakapokuwa. Tofauti ni sentimita 35 katika mita 28. Hiyo ni 1 kwa 80. Magurudumu, hakutakuwa na ngazi wala njia ya pembeni kwenye mlango ule. Ardhi yenyewe itakufikisha pamoja na wengine. Sakafu ya vyumba vya chini itakuwa ileile ya mlango, na kuzuia macho ya wapita njia nitategemea ule umbali wa mita 5 na mimea, wala sitainua jengo.

Jumatatu asubuhi naenda na vigingi na kamba kuchora mabawa mawili juu ya lami, ukubwa wake halisi, ili kamati isimame ndani yake na kuitazama miti kutoka pale dirisha litakapokuwa. Mjumbe Mstaafu, hesabu ya magari nimeanza: jana jioni saa moja yalikuwa yamebaki sita. Nitahesabu wiki nzima kisha niiweke humu.